Wali wa Ijumaa na Sufuria ya Umeme

Mama yangu hakuwa akiukubali wali ambao haukupaliwa. Maji yakishakauka, huchota makaa kwa koleo, akayapanga juu ya kifuniko, akapunguza moto wa chini, kisha akakaa kwenye kibao chake akingoja harufu imwambie kuwa tayari. Amefanya hivyo tangu nipate akili, jikoni mle mle, ghorofa ya pili, katika nyumba ya Mji Mkongwe aliyoingia akiwa bibi harusi. Sasa anaishi mle peke yake. Vidole vyake vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi, na siku moja koleo likamponyoka. Kaa likaangukia mkeka, mkeka ukashika moto, na hadi anafika na ndoo ya maji, kizingiti cha mlango kilikuwa kimeshababuka.

Mwenyewe hakuumia. Lakini nyumba zetu hizi ni boriti na mbao mpaka juu, na zimebanana kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakuombea dua. Moshi haujatoka wote dirishani, habari zilikuwa zimeshafika kwa kaka yangu anayekaa Kidichi, nje ya mji.

Kaka yangu ni mtu mwema. Nalisema hili mapema, maana huko mbele nitamsema. Ana nyumba yenye ua mpana na mikarafuu nyuma, na alikuwa ameshapaka rangi chumba kimoja kwa ajili ya mama. Alikuja siku ile ile, akaamkia, akaupindua mkeka kwa ncha ya kiatu, akautazama sana.

"Mama, Ramadhani hii utaifunga kwangu," alisema.

"Na nkifika huko ntafanya nini?"

"Utapumzika."

Hapo alikosea. Kwa mama, kupumzika ni jambo wanalofanyiwa wagonjwa. Aliinuka akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Mimi nilimfuata kaka ngazini. Nilimwambia kuwa kumtoa mama mle ni kumng'oa, kwamba kule Kidichi hatamjua hata anayepita njiani, na nikamwambia na mengine ambayo hayahusiani, kwa sababu nikishapandwa siwezi kuchagua maneno. Aliningoja nimalize. Akasema yeye hana ugomvi na nyumba, ana ugomvi na makaa. Mama akiweza kujipikia bila moto, hatalisema tena neno la Kidichi. Gesi tulishaizungumza zamani ikashindikana, mama anasema kulala na ule mtungi ni kulala na mtu usiyemjua. Kwa hiyo ilibaki umeme, na Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ilikuwa imeshaingia.

Nilikwenda Darajani kutafuta sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nilidhani ni kuingia, kulipa na kutoka. Muuzaji alinipangia mezani sufuria za kila umbo. Kulikuwa na ile ya kawaida yenye kifuniko cha kioo na kitufe kimoja, wali ukiiva kinaruka, basi. Ningeichukua hiyo, lakini kifuniko chake lazima ukiinue kwa kukibana vidole, na vidole ndivyo vilivyotuleta dukani. Nyingine ilikuwa nzuri lakini nzito. Ya mwisho ilikuwa na kifuniko kinachofunguka chenyewe ukikigusa, vitufe laini, na kidirisha kinachoonesha saa. Muuzaji akaniambia hii unaipangia: unatia mchele wako asubuhi, unaiambia saa ngapi unataka kula, unakwenda zako mjini, ukirudi umeiva.

"Inajua yenyewe?" niliuliza.

"Inajua kuliko mie na weye."

Ningepaswa kukitilia shaka chombo kinachosifiwa hivyo. Lakini nilishaiona picha: kaka anatoka msikitini Ijumaa, anapanda ngazi, anafungua kifuniko, na mama amekaa barazani na bangili zake kama mgeni. Nikainunua.

Mama aliizunguka kwanza. Akaigonga ubavuni, akauliza inapaliwa wapi. Nilipomwambia haipaliwi, akanitazama kwa huruma. Maandishi ya vitufe yalikuwa ya Kichina na Kiingereza, na mama hasomi herufi hizo. Yeye anasoma za chuoni, za Kiarabu, na Kiswahili chake chote anakiandika kwa hizo. Nikakata vipande vya plasta ya jeraha, nikaandika kwa herufi hizo, kwa kalamu ya wino: wali, uji, supu, moto, zima. Alivaa miwani akavisoma kimoja kimoja.

"Nani kakufundisha kuandika hivi?"

"Si weye, mama."

"Basi mie sikukufundisha hivi." Akavibandua vyote akaviandika upya kwa mkono wake, taratibu, na kwa vidole vile vibovu bado vilitoka vizuri kuliko vyangu. Nilifurahi, kwa sababu kitu alichokiandika mwenyewe hakitupi.

Alhamisi nililala kwake. Tulikuwa tumemwalika kaka chakula cha mchana cha Ijumaa, aje aone kwa macho yake. Baada ya sala ya alfajiri tukakamua nazi iliyokunwa sokoni, tui jepesi na tui zito lote, tukatia sufuriani pamoja na mchele na chumvi, nikaipangia saa ya watu kutoka msikitini. Nikaenda kazini. Mama akaenda msibani mtaa wa pili. Wote wawili tulifunga mlango kwa raha kabisa.

Sasa, mama anajua, mimi najua, na mtoto yeyote aliyetumwa nazi kisiwani humu anajua, kwamba tui la alfajiri halifiki adhuhuri. Tena joto la kaskazi. Ndiyo maana siku zote tui hukamuliwa moto umeshawashwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo. Tulikuwa tumeambiwa mashine inajua, tukaiachia na kujua kwetu.

Kaka alifika amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ananukia udi. Sufuria ikalia kwa wakati wake hasa, ikaimba wimbo mfupi. Nilikifungua kifuniko mbele yake kwa madaha. Mvuke ukatoka, na nyuma ya mvuke ikatoka harufu ya uchachu iliyotufanya sote tutazame kwingine.

Kaka alikula. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, alichukua tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki changu, akalimeza bila kukunja uso. Akachukua la pili. Mama akamshika mkono.

"Wacha, baba. Huo hauliki."

Tukala mchuzi kwa mkate wa boflo. Kaka hakunicheka wala hakunisuta, na ningeona afadhali angenicheka. Alipoaga alisema kwa upole kwamba Ijumaa ya mwisho kabla ya mwezi kuandama atakuja na gari, mama afunge nguo zake chache, nyingine zitafuata. Mama akaitika, "Haya." Sijawahi kumsikia mama akisema haya bila kuongeza neno jingine. Nikaosha vyombo huku machozi yananitoka, nikijidai ni mvuke.

Siku zilizofuata mama alinipiga marufuku jikoni. Nikija, ananipokea barazani, ananipa chai, ananiuliza habari za kazini, na mlango wa jikoni umefungwa. Nilidhani amekata tamaa, kwamba ameshaanza kufunga nguo hataki nione. Mpaka jirani wa chini aliponisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, mwambie mamako tumeshiba."

"Kwani kuna nini?"

"Wali. Asubuhi wali, mchana wali. Jana kaniletea uji wa mchele, kasema ulikusudiwa kuwa wali. Mie sukari yangu inapanda."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Sikugonga. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria, amejifunga kanga kiunoni, kidole chake cha shahada kimezama ndani mpaka kwenye kifundo cha kwanza. Hivyo ndivyo alivyopima maji maisha yake yote. Ile mistari iliyochorwa ndani ya sufuria alikuwa ameshaipuuza, akaniambia imechorwa kwa mchele wa watu wengine, huu wa Mbeya hauombi maji namna ile.

"Mama, mbona hukunambia?"

"Nkwambie nini? Wali nimekufundisha mie." Akafunga kifuniko. "Weye ulikuwa unaifuata mashine. Mashine ndiyo inifuate mie."

Siwezi kuficha kwamba nilitahayari. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko tahayuri, nikakaa kwenye kile kibao nikamtazama.

Ijumaa ya mwisho ilipofika, hakutaka niguse hata chumvi. Alitia mchele, maji na chumvi basi, akaipangia saa mwenyewe kwa kusoma plasta zake. Maji hayachachi. Tui alilikamua palepale, vidole vyake akivikanda kwenye nazi ya uvuguvugu, anasema hiyo ni dawa kuliko ile ya hospitali, kisha akaliweka kwenye friji limefunikwa. Tukaswali. Sufuria ilipoimba, hakuisikiliza. Alikifungua kifuniko, akamimina tui zito, lile tunaloliita kasimile, akaupindua wali kwa mwiko mara chache, akafunga, akabonyeza tena pale palipoandikwa "wali". Mashine ikaanza upya kama iliyosahau kuwa imeshapika.

"Sasa ndo nimeupalia," alisema.

Kaka alipiga hodi. Gari lilikuwa limebaki nje ya Mji Mkongwe, vichochoroni haliingii, lakini nilimwona amekuja na mkoba mkubwa mtupu chini ya kwapa, ule wa safari. Aliuweka kando ya mlango. Mama aliuona akasema marahaba yake kama kawaida.

Alipopakua, wali ulitoka mweupe, unachambuka, unanukia nazi mpaka ngazini. Chini kulikuwa na ukoko, wa rangi ya hudhurungi, mzima, mwembamba. Mama aliubandua kwa ncha ya mwiko akaukata vipande, na kikubwa akakiweka kwenye sahani ya kaka. Kaka alikitazama muda mrefu. Huyu ni mtu mwenye wajukuu, mwenye mvi kidevuni, na nilimwona anasogeza sahani yake karibu, kidogo, mbali na mkono wangu, kwa sababu tulipokuwa wadogo nilikuwa mwizi wa ukoko.

Alikula mpaka akaramba vidole. Kisha akauliza, "Upi ulioupika weye, na upi uliopikwa na mashine?"

"Wote mmoja," mama alisema. "Ongeza mchuzi."

Baadaye, tukinywa kahawa, kaka alimwambia kwamba mkewe huwa anaunguza wali, na kwamba pengine Ramadhani angekuja kufuturu huku mara moja moja, kama mama hatachoka. Mama akamwambia hachoki. Kaka akauinua mkoba wake mtupu, akaukunja, akauminya kwapani, akaniangalia kwa jicho la kusema umeshinda. Nilijizuia nisitabasamu. Nilishindwa.

Aliposhuka nilianza kukusanya vyombo. Nilijiona mtu. Nilikuwa nimemshinda kaka, mama anabaki, na kila siku nikitoka kazini nitapita kumwona, kama nilivyokuwa nikifanya tangu lile kaa liunguze mkeka mpaka aliponifungia mlango wa jikoni, nakagua jiko, nakagua soketi, nafungua friji. Nilimwambia kesho nitakuja na nazi.

"Kesho usije," alisema.

Nilidhani ananitania. Alikuwa anafuta sufuria kwa kitambaa kikavu, hanitazami.

"Nnayo nazi. Nna mchele. Umeme upo."

"Mama, mie nakuja kukutazama tu."

"Ndo hivyo. Nshachoka kutazamwa." Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi. "Ukitaka kuja, nipigie simu asubuhi, nijue natia vikombe vingapi."

Niliumia, sisemi uwongo. Nilishuka ngazi nikiwa nimevimba, najiambia hivi ndivyo wazazi wanavyolipa. Nilifika kwangu, nikapika kidogo, nikala, na nilipokuwa naosha sahani yangu moja ndipo nikaanza kucheka. Kaka alitaka kumchukua Kidichi, mimi nilitaka abaki pale pale nimkague, na wote wawili tulijiita tunamtetea. Yeye alitaka mlango wake na mchana wake.

Asubuhi nilimpigia kutoka kazini. Nilimwamkia, akaitika, nikamuuliza kama nije kula.

Nyuma yake nilisikia mtu anacheka, mwanamke mtu mzima, na kijiko kinagonga kikombe.

"Leo hapana, mwanangu," alisema. "Nnaye mgeni, na mchele nshatia. Piga kesho."