Mikoba ya Bi Mize ilisukwa na nani? Yaliyonikuta kiwandani Tunguu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mkoba unaouzika kuliko yote kiwandani kwetu una kadi yenye picha na jina la mwanamke wa kijiji cha Bwejuu. Kadi inasema ameusuka kwa mikono yake miwili, mwanzo hadi mwisho.

Mwanamke huyo mkono wake wa kulia haujashika kitu kwa miezi saba sasa.

Kadi niliiandika mimi.

Nitaeleza kwa utaratibu. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, niliyoambiwa nitasema nimeambiwa. Majina nimeyabadilisha na kampuni siitaji, kwa hiyo msijisumbue kuniuliza inbox.

Nilianza kazi tukiwa watu tisa, vyumba viwili vya chini kwenye nyumba moja Kikwajuni. Tunatengeneza mikoba, vipochi na vifuniko vya taa kwa ukili. Kwa wasioujua, ukili ni ule ukanda mrefu unaosukwa kwa majani ya miyaa, miti ya jamii ya mikindu, ndio unaoshonwa ukawa mkeka au kapu. Sisi tunayatia majani rangi, tunayapeleka vijijini, akina mama wanasuka majumbani kwao, gari inarudi na mabunda ya ukili. Kisha tunakata, tunashona, tunatia bitana, zipu na mikanda ya ngozi.

Siku zile hapakuwa na vyeo. Mkata ngozi ndiye aliyepokea simu. Bosi wetu, nitamwita Farhat, asubuhi anachora mkoba mpya, mchana yuko uani anakoroga sufuria ya rangi. Vidole vyake vilikuwa zambarau wiki nzima. Aliwahi kwenda harusini hivyo hivyo, watu wakamuuliza hina ile ya wapi.

Chakula tulikula sinia moja. Ugomvi wa kazi uliishia hapo hapo kwenye sinia.

Kisha kazi ikakua. Duka la Mji Mkongwe likachukua mikoba yetu, hoteli za pwani zikataka taa, wakaja wanunuzi wa nje. Tukahamia Tunguu kwenye banda kubwa. Leo tuko zaidi ya arobaini. Yule mkata ngozi sasa anaitwa Mkuu wa Idara, na mlangoni kwake pana karatasi yenye jina lake. Bado anakata ngozi.

Nasema hivi si kwa kukebehi. Bila fomu tungezama. Kuna masika moja mabunda yalipata ukungu stoo, na hakuna aliyejua yalifika lini wala yalitoka kwa nani. Baada ya hapo Farhat akanifanya mkaguzi wa ubora. Mimi ndiye niliyetengeneza fomu ya kupokea mzigo. Ina tarehe, kijiji, upana, rangi, na mstari mmoja wa jina la msukaji.

Kanuni nyingine niliyoiandika mimi: msukaji asiyeleta kazi miezi miwili anatolewa kwenye orodha, nafasi yake anapewa mwingine anayesubiri. Niliona ni haki. Waliokuwa wakisubiri ni wengi.

Nilizipeleka karatasi hizo Bwejuu mwenyewe na nikawasomea.

Sasa Bi Mize. Ni mjane, mtu mzima, na kwa kusuka sijaona mwenzake. Ukikagua ukili kila siku unaanza kuujua mkono wa mtu. Wapo wanaokaza, wapo wanaolegeza. Wa Bi Mize ulikuwa umekazwa sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho, na huoni alipoongeza jani jipya hata ukiutazama juani.

Farhat alipobuni kadi, Bi Mize ndiye aliyepigwa picha wa kwanza. Kwenye picha anacheka, mikono iko kifuani, pete ya fedha inaonekana kidoleni.

Kadi zikafanya kazi kuliko tulivyotarajia. Watalii dukani wakawa hawaulizi mkoba mwekundu, wanauliza mkoba wa Bi Mize.

Mwezi mmoja hivi baada ya picha ile nikaanza kuona kitu. Bunda lenye jina lake linaanza kwa mkazo wake, katikati mkono unabadilika kidogo, mbele unabadilika tena. Kazi ni nzuri, upana ni ule ule, fomu yangu haina pa kuandika jambo kama hilo. Niliandika kwenye daftari langu, "mkono umebadilika, labda anaumwa". Nikapitisha.

Nikaendelea kupitisha.

Mwezi uliopita mnunuzi mmoja wa nje akaagiza oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Sharti lake moja: mikoba yote iwe ya Bi Mize, na apate video fupi ya mikono yake ikisuka. Katalogi yake ilishaandikwa, "mwanamke mmoja, mkoba mmoja". Maneno hayo aliyatoa kwenye kadi yangu.

Tulitakiwa tushtuke hapo. Mtu mmoja hawezi kusuka mzigo ule. Lakini mkishaanza kukua mnazoea kusema ndiyo kwanza.

Nikapelekwa Bwejuu na gari ya mzigo.

Nilipofika nikawakuta akina mama watano barazani kwa Bi Mize, majani yametapakaa, kila mtu na kazi mkononi. Yeye mwenyewe amekaa katikati, kaegemea mto, mkono wa kulia umo ndani ya kanga.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo hukuja na rula?"

"Leo nimekuja na simu tu. Nataka kupiga video ya mikono yako ukisuka."

Wifi yake, Hadia, akainua mikono yake juu.

"Hii hapa mikono ya Bi Mize!"

Wengine nao wakainua yao. Wote watano. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nilikuwa sijaelewa, nikacheka kwa adabu tu.

Bi Mize hakucheka. Akaifunua kanga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole vimejikunja.

Kiharusi. Miezi saba.

Nikauliza kwa nini hawakusema.

"Tukwambie ili ukafute jina?" Hadia akanijibu. "Karatasi si ulituletea mwenyewe, Bi Mkaguzi? Miezi miwili, ulisoma hapo hapo ulipokaa."

Nikaenda uani nikampigia Farhat. Alisikiliza, akasema, "Piga mikono ya yeyote. Mikono haina jina."

Wakuu, nitasema ukweli. Nilirudi barazani nikiwa nimeshakubali.

Nikamwambia Hadia akae mahali penye mwanga. Bi Mize akaelewa kabla sijamaliza. Akaivua pete yake ya fedha kwa meno, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kujivua pete, akamnyooshea wifi yake.

"Vaa. Kwenye picha yao pete ipo."

"Pete aliyokuvisha kaka yangu nivae mie? Mize, una wazimu wewe!"

"Vaa, oda isiende zake."

"Siivai! Nshasuka kwa jina lako, nshadanganya kwa jina lako, sasa na ndoa yako niichukue? Mvishe Bi Mkaguzi, hajaolewa huyo."

Baraza zima likaangua kicheko, mimi nikiwemo, na katika kucheka kule ile nia ya kudanganya ikanitoka. Nikawaomba wasuke kama wanavyosuka siku zote, mimi nipige tu.

Hiki ndicho nilichokiona.

Ukili wa Bi Mize hauanzwi na mtu mwingine isipokuwa yeye mwenyewe. Anachagua majani kwa mkono wa kushoto, anayapanga. Hadia anakaa ubavuni kwake, bega kwa bega, anatoa mkono wake wa kulia. Mkono wa kushoto wa mmoja na wa kulia wa mwingine inakunja, inavuta, inakunja. Hawasemezani. Wakishafika kama shibiri mbili, Hadia anauchukua peke yake. Akiitwa jikoni anauweka chini, aliye karibu anauokota na kuendelea. Ukimaliza mzunguko ule umepita mikononi mwa watu wanne au watano.

Unarudi kwa Bi Mize. Anaupitisha kwenye kidole gumba cha kushoto, macho yako barabarani, hata hautazami.

"Fumua."

"Kwa lipi tena?" Hadia akauliza.

"Umelegeza hapa. Jani la pili."

Niliomba nione. Nilitazama, nikapima kwa rula, sikuona kitu. Hadia akafumua huku akininong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote, "Mgonjwa huyo. Angekuwa mzima si angetuua!"

Nikauliza, basi ukili huu ni wa nani?

Bi Mize alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Wa aliyeuanza. Hata kabla sijaumwa, unafikiri nilikuwa nnasuka peke yangu? Mtu anakaa na kazi mkononi, mwenzake kainuka kaenda kuswali, utauacha ukili wake chini? Unauendeleza. Walipolegeza nilifumua nikakaza mwenyewe, na mie wao niliwasukia. Nyie ndio mlotaka jina moja."

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko pale kwenye mkono. Yaani kadi haikuanza kusema uongo miezi saba iliyopita. Ilisema uongo toka siku ya kwanza, kwa wasukaji wote, na hakuna aliyetudanganya. Sisi hatukuuliza.

Kesho yake nikamwonesha Farhat video. Aliitazama mara mbili, ya pili akaisimamisha pale mikono miwili ilipokutana.

"Hii nzuri kuliko niliyoomba," akasema. Kisha akaweka simu chini. "Nikimweleza mnunuzi, oda inaweza kufa."

Msimwone mbaya. Oda ikifa haifi kwa Bi Mize peke yake. Baraza lote la Bwejuu linakosa kazi, na pale bandani kuna washonaji wapya ambao wameajiriwa kwa ajili ya mzigo huo. Alinitajia mmoja mmoja kwa majina. Anawajua wote, hilo kukua hakujalibadilisha.

Nikapendekeza kadi iwe na majina yote sita. Mkuu wa Idara akasema kadi haina nafasi. Nikasema tuongeze kadi. Akasema mteja hanunui orodha ya mahudhurio. Nilikasirika, lakini ilinichekesha pia.

Mwisho Farhat akamtumia mnunuzi video ile ya kweli, bila neno lolote.

Jibu lilikuja siku ya pili. Maswali mawili tu. Mkono wa pili ni wa nani? Na je, Bi Mize ndiye msukaji, ndiyo au hapana?

Farhat akaisogeza kompyuta upande wangu. "Kadi uliandika wewe, na wewe ndiye uliyekuwepo. Andika jibu, nitalituma kama lilivyo."

Nimeandika mara tatu. La kwanza lilisema ndiyo. Nikalifuta. La pili lilisema hapana, nalo nikalifuta, kwa sababu namwona yule mama akisema fumua. La tatu ni refu, linaeleza kila kitu nilichowaeleza hapa, na ninajua mtu aliyeuliza ndiyo au hapana anaweza asilisome.

Jana Hadia alinipigia.

"Bi Mkaguzi, Mize anauliza kama jina lake bado limo."

Nikamwambia limo.

"Basi mwambie mwenyewe, maana mie haniamini." Akampa simu. Bi Mize akaniuliza tu habari za mama yangu na kama mvua imefika Tunguu. La jina hakuligusa.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Kampuni inapokua inahitaji karatasi, sibishi. Lakini karatasi yangu iliuliza "nani amesuka" kabla hata sijakaa barazani nusu siku kuona wanasuka vipi, na waliojaza walijaza jibu ambalo karatasi ilitaka. Kama uko kwenye kiwanda kinachokua, na wewe ndiye unayetengeneza hizo fomu, nenda kakae kwanza. Kanuni ya miezi miwili nimeiandikia barua iondolewe. Farhat bado hajasaini.

Kwa mliowahi kufanya biashara ya kazi za mikono, au mlio na wanunuzi wa nje, nawasikiliza: mlifanyaje? Mngejibu nini hapo kwenye ndiyo au hapana? Na wale mtakaosema nimeharibu mkate wa watu kwa kujifanya mkweli, semeni pia, nimeshajiambia hivyo mwenyewe.

Mnunuzi anataka jibu kabla ya Jumatatu. Asubuhi ya leo yamefika mabunda sita mengine kutoka Bwejuu. Nimeyakagua yote, hayana kasoro, nimejaza tarehe, kijiji, upana na rangi. Mstari wa jina nimeuacha wazi.