Mama Amoit na Jina la Kukopesheka

Siku yangu ya kwanza kazini Busia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Meneja wa Tawi alinikalisha mbele ya meza yake akaniuliza, "Ukikutana na mtu ambaye hajawahi kukopa hata senti, utamwamini?"

Nikajibu haraka kwamba nitamwamini sana. Akatikisa kichwa.

"Huyo ndiye wa kuogopa. Hujui akibanwa anakuwaje."

Nilitoka humo sielewi kitu. Nyumbani kwetu Khunyangu baba alisifiwa kwa sababu hakudaiwa na mtu.

Nilikuwa afisa wa mikopo. Shirika letu lilikopesha wafanyabiashara wadogo ambao benki ziliwakataa kwa kukosa hati ya shamba. Badala ya hati tulitumia kundi: akina mama wanadhaminiana, mmoja akishindwa kulipa wenzake wanamlipia. Kila mtu alikuwa na rekodi yake ya malipo, na hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake kwetu. Nyinyi vijana siku hizi mnasoma alama zenu za kukopesheka kwenye simu. Sisi tulizifuata kwa miguu, tukiuliza majirani na wenye maduka.

Baadaye nikahamishiwa Malaba, chini ya Msimamizi wa Mikopo, bwana mpole aliyezijua kanuni kama sala. Huko ndiko nilikokutana na Mama Amoit, mjane aliyeuza mtama na mahindi katika soko la Amagoro. Alitaka mkopo wa kununua mashine ya kusaga. Kwa kuwa hakuwa na rekodi yoyote, nilimshauri aingie kundi, achukue mkopo mdogo, aulipe, ndipo aombe mkubwa.

"Dada, unataka nikope pesa yenye sihitaji, ndio nipewe yenye nahitaji?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo inaonyesha nini?"

Nikarudia maneno ya Meneja wa Busia. Yeye akacheka, mimi nikaona aibu. Lakini alikopa, na akawa analipa kila wiki bila kukumbushwa. Nikaanza kuiona mashine yake kwa mbali.

Kisha mwenzake mmoja wa kundi, muuza mitumba, akavuka mpaka kwenda Uganda na deni lake, na hakurudi. Kundi lilikutana kanisani, likalaumiana mpaka watu wakaanza kuondoka. Mama Amoit akatoa pesa alizotenga kwa malipo yake mwenyewe, akaziba pengo la aliyetoroka. Nilimuuliza kwa nini.

"Nilisema nitamsimamia. Sikusema nitamsimamia akiwa hapa tu."

Kwa hiyo malipo yake mwenyewe yakachelewa. Deni lililopitisha siku yake tuliliita malimbikizo, na malimbikizo yalimchafua mtu hata yakiwa madogo. Alimaliza kulipa, akaomba mkopo wa mashine. Msimamizi akaukataa.

"Huyu alichelewa," akasema.

"Alichelewa kwa sababu alimlipia mwenzake, mzee."

"La mwenzake naona limelipwa. Lake naona limechelewa. Unataka nisome nini?"

Nikazifungua rekodi zao zote mbili. Aliyetoroka alikuwa na rekodi safi, aliyemlipia alikuwa na doa. Na kwa kanuni tulizokuwa nazo, Msimamizi hakukosea.

Nilipompelekea habari, Mama Amoit aliuliza, "Sasa nirekebishe wapi?" Nikamwambia aanze upya na mkopo mdogo. Hata mimi niliposikia maneno yangu sikuyapenda. Alifunga leso yake vizuri, akaniomba nimsindikize Malaba kwa mzee aliyeuza mashine, labda angekubali kumwekea moja asiiuze.

Mzee huyo alimtazama usoni. "Ni wewe ulilipia yule wa mitumba?"

"Ni mimi."

"Basi tafuta watu wa kubeba. Utakuwa unaniletea pesa ukisaga."

"Bila mdhamini?" Aliyeuliza hivyo ni mimi, si yeye.

Mzee akanigeukia. "Mdhamini wa nini tena, dada?"

Mashine ilifungwa Amagoro, na Mama Amoit akamaliza kuilipa kwa kusaga. Msimamizi aliposikia, akanituma nikamrudishe kwetu, maana sasa alikuwa mteja mzuri. Nilimkuta mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Akanipa chai.

"Mwambie nimeshukuru," akasema. "Lakini sasa nataka nini kwenu?"

Nilirudi ofisini na jibu hilo, Msimamizi akaliandika kama lilivyo.

Nimestaafu sasa, niko Busia. Vijana huja kuniuliza watapandishaje alama zao ili wakopeshwe. Ninawaambia lipeni kwa wakati, msishike mikopo mingi pamoja, msimdhamini mtu ovyo. Ni ushauri mzuri, nimeutoa miaka mingi. Lakini nikifika hapo pa kudhamini sauti yangu hupungua, na wao huona.

"Kwa hiyo tudhamini au tusidhamini?" wananiuliza.

Nami huwasimulia habari za Mama Amoit.