Nguo Chini ya Mguu wa Cherehani

Mama yangu alikuwa na sheria moja ya kazi ambayo hakuivunja hata siku moja: haondoki nguo ikiwa chini ya mguu wa cherehani. Kile chuma kidogo kinachokandamiza kitambaa kikishashuka, yeye amefungwa hapo mpaka mshono uishe. Alishonea kwenye baraza la duka moja sokoni Muthara kwa miaka mingi. Nimewahi kumwona mvua ikimlowesha mgongo, wenzake wote wamekimbilia ndani, yeye anakanyaga tu. Baba akituma aitwe kwa sababu kuna wageni nyumbani, jibu lilikuwa lile lile. "Mwambie nguo iko chini ya mguu. Siwezi kwenda."

Hata siku kiharusi kilipomshika, alimaliza pindo kwanza. Kichwa kilikuwa kikimuuma tangu asubuhi, mwenye duka akamwambia aende hospitali, akasema baada ya pindo. Akamaliza, akainua mguu wa cherehani, akakata uzi, ndipo akaanguka. Watu walisimulia jambo hilo kama sifa. Mimi lilinikasirisha, na bado linanikasirisha.

Tulimleta kwangu Kianjai, yeye na cherehani yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nashona kama mwalimu: kifungo kimoja, pindo la sketi, basi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na mwili uliendelea kupungua hadi nguo zake zikamning'inia kama za kuazima. Kina mama wa kanisa lake walikuwa wamebadilisha sare. Sasa ilikuwa gauni la bluu lenye kola nyeupe, na Jumapili ya kwanza ya Septemba wangelivaa wote kwa mara ya kwanza na kukaa pamoja mbele. Kitambaa chake alikuwa amekinunua kabla ya kuugua.

"Nataka kukaa nao," aliniambia. "Nishonee. Mimi nitakuelekeza."

Agosti shule zilipofungwa, nikaanza.

Kosa la kwanza lilikuwa kosa la kweli. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu yaliyofuata hayakuwa. Cherehani ilikuwa imekaa muda mrefu bila kutumika, imekuwa nzito, na sikuona mafuta yake kwenye droo. Nikachukua ya jikoni. Nilijiambia mafuta ni mafuta. Siku mbili iliteleza vizuri ajabu. Ya tatu tuliamka na ukungu na manyunyu ya kwetu ya Agosti, baridi ile ambayo mafuta ya kupikia huganda kwenye chupa mpaka uyaweke karibu na jiko. Yaliganda ndani ya cherehani pia. Gurudumu likakataa katakata kuzunguka.

Nikamwita fundi kutoka sokoni. Alifungua, akapitisha kidole ndani, akanusa.

"Madam," akasema, "hii mashine mmeipikia. Hii si ni mafuta ya chapo?"

"Nilidhani haina tofauti."

"Haya, na gari ukipata utawekea supu."

Mama alicheka kutoka kitandani, kicheko cha nusu mdomo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Fundi aliosha vyuma kwa mafuta ya taa, akapangusa, akanionyesha vitundu vya kutilia mafuta, tone moja kila mahali kisha unazungusha gurudumu kwa mkono. Aliniachia kichupa cha mafuta halisi na onyo moja. "Ikisumbua usikimbilie skurubu. Toa uzi wote, uweke upya. Bado? Badilisha sindano. Skurubu ni za mwisho kabisa."

Baada ya hapo mama alinifundisha kwa masikio. Kitanda chake kilikuwa chumba cha pili na mlango tuliuacha wazi. Haoni ninachofanya, lakini anajua. "Sindano imechoka, sikia inavyogonga." "Safisha meno, yamejaa vumbi la kitambaa." Nilisugua yale meno yanayosukuma kitambaa kwa mswaki mkuukuu, na kweli yakaanza kuvuta sawasawa. Siku uzi uliposongamana chini ya kitambaa, nilifungua bobini ya uzi wa chini mara tatu nikitafuta kosa. Akaniacha nihangaike, kisha akasema kosa la chini hutafutwa juu. Nilikuwa nimesahau kuupitisha uzi wa juu mahali pamoja tu. Nilikaribia kuipenda kazi ile. Wiki ya tatu gauni lilikuwa limebaki kola peke yake.

Mchana mmoja nilimpeleka kliniki. Daktari aliniita kando akaniambia moyo wa mama umechoka, hakuna la kuongeza, nimtayarishe yeye na nijitayarishe mimi. Alisema kwa upole. Nilirudi nyumbani, nikamlaza, nikaweka kola chini ya mguu wa cherehani, nikaushusha. Kisha miguu yangu mwenyewe ikakataa kukanyaga.

Mimi ni mtu niliyesoma. Nafundisha watoto sayansi, nawaambia kila jambo lina sababu yake. Lakini nilikaa pale nikitazama kitambaa cheupe kimebanwa, na akilini mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu: haondoki nguo ikiwa chini ya mguu.

Siku iliyofuata nilichomoa sindano, nikaigeuza, ule upande wake bapa ukatazama pasipostahili, nikairudisha. Nikakanyaga kidogo ili asikie.

"Inaruka, mami."

"Angalia sindano."

"Nimeangalia."

Kesho yake nililegeza skurubu ya uzi wa juu, ile ile niliyokatazwa kugusa. Siku ya tatu nikavua mkanda wa gurudumu nikasema umekatika. Aliponiambia nimwite fundi, nikasema amekwenda Kangeta kwa siku kadhaa. Sikuwa nimempigia. Kina mama wawili wa kanisani walikuja kumsalimia wakauliza sare imefika wapi, nami nikawaonyesha cherehani kama mtu anayeonyesha ng'ombe mgonjwa. Waliondoka wakinionea huruma. Kila siku kola ilibaki palepale, nami kila asubuhi nilimkuta mama anapumua, na nikaamini mpango wangu unafanya kazi.

Jumanne, siku tano kabla ya ile Jumapili, nilirudisha mkanda nikakanyaga tena, mlio ule wa taka-taka wenye pengo katikati. Aliniita. Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwari wakwa," alisema kwa Kimeru chetu, binti yangu, "sindano umeigeuza."

Nikaanza kumkunjia blanketi miguuni.

"Siku ya kwanza nilidhani hujui. Ya pili nikakusikia unalegeza skurubu. Hiyo mashini haina shida."

Nilimwambia uzi ndio mbaya, nitanunua mwingine. Nilikuwa nadanganya mtu aliyesikiliza cherehani hiyo kuliko alivyotusikiliza sisi watoto wake.

"Mimi nilitaka kuivaa nikiwa nimekaa," akasema. "Nikiwa nimelala, mtanivisha tu, hata niseme nini."

"Kesho, mami. Nitamaliza kesho."

Akageukia ukutani. Jumatano sikugusa cherehani kabisa, nilipita kando yake kama inayonidai. Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga uji, na niliporudi chumbani na kikombe alikuwa ameshakwenda. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Kola ilikuwa palepale, mguu umeshuka. Alikuwa ameiacha nguo kazini, mara ya kwanza maishani mwake. Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikujua kwamba anayeumbuliwa anaweza kuwa yule aliyebaki.

Ijumaa kina mama walituma neno kwamba wangekuja kumvisha. Niligeuza sindano ikakaa inavyostahili, nikakaza skurubu, nikatoa uzi wote nikauweka upya kama nilivyofundishwa. Kisha nikashona kola. Maji niliyokuwa nimeteleka ya chai hayakuwa yamechemka nilipomaliza. Hakuna mshono hata mmoja ulioruka. Niliinua mguu, nikakata uzi, na nyumba ilikuwa kimya, hakuna wa kuniambia kama mlio ulikuwa mzuri.

Walimvisha wao. Waliokuja wote walikuwa na magauni yao mapya kwenye mifuko, bado hayajavaliwa, wakingoja kuyavaa mazishini. Mmoja wao, rafiki yake wa miaka yote, alinyoosha ile kola kwa vidole viwili, akasimama akiitazama.

"Imemkaa vizuri sana," akasema. "Angeifurahia. Kwani ilichelewa wapi?"

Nikamwambia mashine ilikuwa imeharibika.