Alhambra: nilingoja kwenye birika, na wenzangu wakangoja kwenye birika

Wakuu, nawasalimu wote mliko.

Mimi ni mzee, wananiita Baba Espe, shule niliiachia darasa la tatu, mkiona herufi imekaa vibaya rukeni tu. Lakini ninayosema nimeyaona kwa macho haya, na mashahidi wako hapahapa Sydney.

Nakaa Guildford, nafanya cleaning kwenye warehouse huko Wetherill Park. Ni Mrundi, Kiswahili nilikipata kambi ya wakimbizi Kigoma. Nayasema mapema maana balaa lilitokana na Kiswahili hicho.

Mwaka jana jirani yangu Bi Zuhura, mtu wa Tanga, binti yake aliolewa Spain. Tukaenda watatu: yeye, mimi, na Wanjiru, nesi wa Kenya wa Rooty Hill. Harusi siisimulii, ila wale watu wanakula usiku sana, chakula kilinikuta nimelala kwenye kiti.

Bon. Baada ya harusi tukaenda Granada kuona Alhambra, jumba jekundu la wafalme Waislamu wa kale, juu ya kilima.

Bi Zuhura alikuwa na hamu moja tu. Utotoni alisoma chuoni, Kurani, na alisikia kuta za mle zimejaa Kiarabu. Alitaka asome hata neno moja kwa mdomo wake. Macho yake yameingia mtoto wa jicho. Alisema, "Nikichelewa nitakuja kuzipapasa."

Tiketi alishika Wanjiru. "Mzee, kuingia palace kuna time yake. Ukikosa, hawakufungulii hata ulie. Tuko pamoja?"

Tuko pamoja.

Tukaanza na bustani. Wakuu! Kuna ngazi, pale pa kushikia mkono wamechimba mfereji, maji yanateremka. Unashuka umeshika maji! Mimi niliyepanga foleni ya ndoo kambini, nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. Mzungu mmoja akanipiga picha.

"Baba Espe, unatembea kama bibi harusi," akasema Bi Zuhura. "Sisi tunatangulia. Tukutane kwenye birika kubwa, huko karibu na jumba."

Nikaitikia. Birika nalijua, kwetu tunaita ibinika.

Nikaenda huko kwenye majumba natafuta. Nikaona duka, dirishani wameweka birika kubwa la shaba, linang'aa. Nikasema hili hapa! Nikakaa nje, nimejaa raha, nawasubiri wazembe.

Simu zetu za Australia hazikushika network.

Nikakaa, nikakaa. Mara Wanjiru huyo, anakimbia.

"Mzee! Unafanya nini hapa?"

"Nawangoja. Birika si hili?"

Akaangalia dirishani. "Woi! Hiyo si ni kettle!"

Bi Zuhura akafika nyuma yake anahema. "Birika la maji, baba! Kama la msikitini, la kutawadhia! Tumesimama pale mpaka miguu imekufa!"

"Mimi Mkatoliki, ningejuaje?"

Wanjiru alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa anatazama saa.

Tukakimbia. Mlangoni security ameshika kamba, anafunga. Akatazama tiketi, akatazama saa, akatikisa kichwa.

Nikamsukuma Bi Zuhura mbele. Nikasema kwa Kiswahili, lugha nyingine ingetoka wapi, "Huyu mama aingie, kosa ni langu. Mimi nitabaki nje."

Sidhani alielewa hata neno. Alitutazama, wazee wawili na nesi, jasho tupu. Akainua kamba. Wote!

Ndani siwezi kuwaeleza. Dari kama sega la nyuki. Lakini mimi nilimtazama Bi Zuhura. Alisogea ukutani mpaka pua ikakaribia kuugusa. Herufi zimesukwa kama mkeka. Akakunja uso, akafuata mistari kwa kidole hewani, nikaona basi, macho yamekataa.

Kisha polepole, "Allah."

Akasogea. "Na hapa tena. Na hapa!" Sauti ikapanda, wageni wakageuka. Alizunguka chumba kizima anasoma lilelile, anacheka huku machozi yanashuka. "Baba Espe, limejaa kila mahali!" Nami nikashangilia, Mkatoliki mzima.

Nilichojifunza: mtu wa pwani akikutajia birika, muulize lina chai au lina maji. Kiswahili tunacho wote, lakini kila mmoja alikipata kwao.

Sasa nanyi semeni, neno gani liliwahi kuwapeleka pasipo penyewe? Wakenya waanze, wao ndio wenye mengi.