Uvimbe Uliojifunza Kushona

Mwaka ule tulikunywa chai chungu. Tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo, pamoja na sombe, majani yake ya kutwanga, na chumvi tulikuwa nayo maana ziwa la chumvi liko jirani. Sukari ndiyo ilipotea. Wenye maduka walikuwa wamefukuzwa nchini, na waliopewa funguo za maduka ya Kasese waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, kisha wakauza rafu. Tarehe usiniulize. Shule niliiacha darasa la pili kwa sababu baba alitaka mtu wa kuchunga mbuzi. Miaka naihesabu kwa tumbo, na tumbo langu halijawahi kunidanganya.

Mume wangu alikuwa anatoboa mawe kwenye mgodi wa shaba. Mimi nilikuwa nakaa huku na huku: wiki kadhaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, ambako nilijifunza Kiswahili kwa kugombania bomba la maji na wanawake wa kila kabila, halafu wiki kadhaa Bwera, nikilima na mama mkwe. Binti yangu wa nne alikuwa na miaka sita. Mwaka huo wa chai chungu jino lake la nyuma likaanza kucheza.

Nikadhani ni jino la utoto. Lilipotoka nikamwambia alirushe juu ya paa, akarusha, akacheka. Lakini shavu halikurudi mahali pake. Maharage yalipotoa maua, shavu lilikuwa kama ngumi. Maharage yalipokauka lilikuwa kama ngumi mbili, na jicho la upande ule limesukumwa juu, linaangalia mbingu wakati lile lingine linaniangalia mimi.

Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, Kisinga. Daktari wa pale aliangalia, hakugusa, akaandika barua. Akasema, "Kampala. Usipitie nyumbani." Nilipitia nyumbani, maana huwezi kwenda Kampala na kitenge kimoja, halafu tukapanda treni pale Kasese.

Nilikuwa nimeamini ni mimi peke yangu niliyerogwa. Nikaingia wodini, nikaona chumba kizima cha watoto wenye mashavu kama ya binti yangu. Nikakaa chini kwenye saruji. Sikulia. Nilikuwa na hasira, kama mtu aliyegundua kwamba mwizi ameingia kila nyumba ya mtaa na hakuna aliyepiga kelele.

Daktari alikuwa kijana wa nchi hii hii, kiatu kimoja kimepasuka pembeni. Wazungu waliomfundisha walikuwa wameondoka, akabaki yeye na manesi na dawa zilizokuwa kabatini. Akaniambia, "Mama, hii ni kansa. Inakua haraka kuliko kitu chochote kwenye mwili. Huu uvimbe unakula kuliko mtoto mwenyewe."

Maneno hayo niliyashika. Laiti ningeyaacha palepale.

Walimtia dawa kwenye mshipa. Walitusisitizia maji, maji, maji, ili uvimbe unaokufa utoke na mkojo usimharibie figo. Siku ya nne shavu likalegea. Siku ya saba niliuona uso wa mwanangu, ule niliomzaa nao, umerudi kama mtu aliyekuwa safarini. Nywele zilianguka. Nikasema zianguke, nywele si mtoto. Daktari akatuambia turudi baada ya wiki tatu kwa dawa ya pili, na ya tatu, hata kama shavu ni zuri. Hasa kama shavu ni zuri, alisema.

Tuliporudi Bwera watu walikuja kumtazama kama walivyokuja kutazama redio ya kwanza. Wanawake walimpapasa shavu. Mama mkwe alingoja wote waondoke, akanyoosha miguu juu ya mkeka.

"Umekufa huo uvimbe?"

"Umelala, mama. Bado kuna dawa nyingine."

"Na daktari wako anasema unaishi kwa kitu gani?"

Nikamjibu, kwa mdomo wangu huu: "Anasema unakula kuliko mtoto."

Akapiga paja. "Si nilisema! Basi tuufunge."

Kwao walikuwa na desturi hiyo, ya kuufunga uvimbe. Mtu akiota jipu au donge, wanamfungia chakula: nyama hapana, samaki hapana, karanga hapana, ndizi mbivu, asali, mafuta, chochote kitamu hapana. Anapewa majani ya kuchemsha na uji mwembamba mpaka mwezi mwandamo. Na majipu yalikauka kweli. Jipu hukauka hata ukila ng'ombe mzima, lakini nani kati yetu alifikiri hivyo? Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili, mmoja akiwa na donge shingoni. Alikuwa anapigana na adui yule yule kwa silaha aliyoachiwa na mama yake.

Nami nilikubali. Nasema hili wazi kwa sababu wajukuu zangu wananiona kama mtu asiyekosea. Wiki tatu nilimnyima mwanangu chakula. Alinusa samaki kwa jirani, akaja kunishika nguo, nikamwambia, "Ukila wewe, yeye naye anakula." Akauliza, "Yeye nani?" Nikamwonyesha shavu lake mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa analala ameliziba kwa mkono, kama mtu anayemficha mdogo wake.

Tuliporudi Kampala wakamchoma kidole, wakachukua damu, wakampima uzito. Daktari akasoma karatasi, akaisoma tena.

"Mama, siwezi kumpa dawa leo. Damu haitoshi. Nikimpa, dawa itamuua yeye kabla ya uvimbe. Amekuwa anakula nini?"

Nikamwambia yote. Nilingoja anitukane. Alivuta kiti, akakaa karibu, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Akasema hivi, na mimi nayaweka kama nilivyoyaelewa. Ndani ya mwili kuna vyumba vidogo ambavyo macho hayavioni, na kila chumba kina uzi wake. Kwenye uzi ndiko yaliko maagizo: kua, simama, gawanyika, kufa. Dawa ile inakata uzi. Chumba kikishindwa kuushona, kinakufa. Vyumba vya uvimbe vina pupa ya kugawanyika, havingoji kuangalia uzi kama uko mzima, ndiyo maana shavu lilishuka kwa wiki moja.

"Lakini havifi vyote," akasema. "Vinabaki vichache vinavyojua kushona. Ndiyo sababu nilitaka mrudi haraka, nivikute bado vichache. Tukichelewa vinazaa, na watoto wao wote wanazaliwa mafundi."

"Na vyumba vya mtoto?"

"Navyo vinakatwa, mama. Navyo vinashona. Mtu hashoni bila nguvu, na nguvu ni chakula."

"Kwa hiyo uvimbe ulikuwa umefunga pamoja naye."

Akatikisa kichwa. "Uvimbe haufungi. Ukimnyima mtoto, wenyewe unaingia jikoni na kujipakulia. Angalia mapaja yake."

Niliangalia mapaja ya mwanangu. Yalikuwa membamba kama mwichi wa kutwangia karanga. Kumbe wiki tatu nzima nilikuwa nimemfunga mwenye nyumba na kumwachia mwizi ghala.

Tulikaa pale siku kumi tukingoja damu ipande. Chakula cha hospitali kilikuwa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage ya kuhesabu. Damu ilipanda kidogo, wakampa ile dawa ya kwanza, na haikufanya kitu. Kitu, hapana. Shavu lilianza kujaa tena mbele ya macho yetu huku dawa ikidondoka kwenye mpira. Uvimbe ulikuwa umejifunza kushona.

Daktari alisema kuna dawa nyingine, ambayo haiendi kwenye uzi. Hiyo inashika chumba wakati kinagawanyika, inakizuia katikati. "Hii uvimbe haujaijua bado," akasema. "Lakini ni kali, na kwa uzito huu sithubutu. Nenda umlishe. Uji mzito, karanga, samaki, maziwa, sukari ukiipata. Sisemi sukari ni dawa. Nasema huyu mtoto ana njaa. Akifika uzito huu hapa, mlete, na chakula chake uje nacho, maana hapa hatuna. Usipitishe wiki tatu."

Akachora alama kwenye kadi. Kusoma kwangu ni kwa taabu, ila alama ile ningeitambua gizani.

Kule Bwera mama mkwe alimwona mtoto na shavu lake, akashika kiuno.

"Ulifungua mapema. Sasa tufunge miezi miwili."

"Daktari amesema ale."

"Daktari! Yule aliyesema umelala? Mke wa mwanangu, mimi nimezika. Wewe umezika nani?"

Nilikuwa na mtoto mgongoni, namsikia anavyopumua kwa pua moja. Nikamwambia, na nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe:

"Sitaki. Mtoto wangu atakula."

Akaingia ndani akafunga mlango wake. Kwa siku nyingi hatukuzungumza ila kwa habari za kuku.

Nikavuka mto wa mpakani kwenda upande wa Kongo siku ya soko, kutafuta sukari. Mama mmoja mfanyabiashara aliniangalia akacheka: "Batu ya kwenu beko nakuya kila siku juu ya sukari! Huko munakunywa nini, machozi?" Nikamwambia machozi yenyewe yana chumvi, ndiyo maana nimekuja. Alinipimia, akaongeza konzi moja ya bure. Samaki nilichukua kwa wavuvi wa ziwani, karanga nilitwanga mwenyewe. Mtoto alikula asubuhi, alikula saa nne, alikula mchana, alikula jua likishuka. Nilimtafunia upande uliokuwa hauwezi kutafuna.

Naye akanenepa. Na uvimbe ukanenepa pia.

Hapo ndipo niseme ukweli kuhusu ushujaa. Kila asubuhi nilikuwa nalipima lile shavu kwa vidole, na kila asubuhi vidole vilizidi kushindwa kulifunika. Mama mkwe alipita na jembe begani, akasema bila kusimama, "Unafuga mtoto au unafuga uvimbe?" Sikujua. Nawaapia sikujua. Nilikuwa na alama moja kwenye kadi na neno la kijana mwenye kiatu kilichopasuka. Lakini kijiko kilifika mdomoni mwake.

Sipendi watu wanaoficha mwisho wa habari, kwa hiyo nausema sasa. Alifika na uzito wa ile alama, akapewa ile dawa nyingine, mara nyingi, miezi mingi, nami nikipika uji wake nyuma ya wodi kwenye mawe matatu. Shavu lilishuka na halikupanda tena. Siringi kwamba nilijua. Wodini kulikuwa na akina mama waliolisha kama mimi na wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wangu alibaki. Leo ni mnene kunizidi, jicho moja limebaki juu kidogo, na amenipa wajukuu sita ambao wakikaa kula, mwenye nyumba unatoka nje kupata nafasi. Mama mkwe alikuja kumpapasa shavu lile, kisha akaniomba nimpe naye kikombe cha uji. Nilimpa, na sukari nikaweka.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na stesheni ya Kasese.

Asubuhi ya safari yetu ya kurudi Kampala kwa ile dawa nyingine, askari walisimama kwenye lango la treni wakipekua mizigo. Sukari ya Kongo ilikuwa magendo, na watu walikuwa wanapigwa kwa ajili yake. Yangu ilikuwa ndani ya birika la chai, imejaa mpaka kwenye mdomo wake. Askari mmoja mrefu alifungua kifuniko.

"Hii nini?"

"Sukari, afande."

"Ya wapi?"

"Ya mtoto."

"Nimeuliza ya wapi!"

"Nami nimekujibu ya nani."

Mtu nyuma yangu kwenye mstari aliguna kicheko akakimeza. Askari akavuta kitenge nilichomfunika binti yangu usoni. Aliona shavu. Akarudi hatua moja, kisha akaona aibu kwamba amerudi, akasogea zaidi.

"Mama, hii iko ya kufa tu. Unapeleka sukari kwa maiti? Lete hapa. Watoto ya kambi nayo inataka chai."

Binti yangu alikuwa macho, anasikia. Alishika shavu lake kwa mkono, vile vile alivyozoea.

Nikasema, "Watoto wa kambi wana baba mwenye bunduki. Huyu ana birika."

Akalishika birika kwa mpini wake wa juu. Mimi nikalishika kwa kitako. Treni ikapiga honi, watu wakaanza kutusukuma kutoka nyuma, na hakuna kati yetu aliyeachia. Sauti yangu ilitoka nzima, kubwa, stesheni yote ikasikia, na maneno hayakuwa mapya. Nilikuwa nayo tayari kinywani tangu Bwera:

"Sitaki. Mtoto wangu atakula."