Jua Lisilo na Doa

Wateja humwita dada yangu Bi Safisha. Kwenye studio yao mumewe hupiga picha, mimi hutengeneza fremu chumba cha nyuma, na dada hukaa kwenye kompyuta akiondoa chunusi, makovu na vumbi. Hakuna picha inayotoka pale bila kupita mkononi mwake. Hata marehemu baba ukutani hana kunyanzi hata moja.

Shemeji ana darubini juu ya paa. Kichujio chake huzuia mwanga karibu wote wa jua na kupitisha wekundu wa aina moja tu. Alidai kwamba kwa wekundu huo jua huonekana likitokota na kurusha ndimi za moto. Kinyozi wa jirani alimcheka mwaka mzima. "Fundi, jua limekupiga utosini."

Juzi asubuhi shemeji alishuka ngazi mbiombio. Alikuwa ameupata ulimi mmoja, mkubwa kuliko dunia yetu. Akaihamishia picha kwenye kompyuta, akafuta kadi ya kamera, akakimbilia harusini. "Shemeji, nitengenezee fremu nzuri. Jioni namwita kinyozi."

Jioni, mbele yao wote, nikaondoa kitambaa nilichofunikia fremu. Lilikuwa duara jekundu, laini kama yai.

"Chungwa zuri," kinyozi akasema. "Moto uko wapi?"

Shemeji akaisogelea fremu, akautafuta ulimi wake pembeni mwa duara.

"Nimekutolea uchafu wote," dada akasema kwa furaha. "Lilikuwa na madoa, na unyuzi umening'inia pembeni."

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

"Nimehifadhi hii juu yake, ile imefutika. Si ndivyo tufanyavyo siku zote?"

Shemeji akakaa sakafuni. Mimi nilibaki na kitambaa mkononi. Kinyozi mwenyewe hakucheka.

Kesho yake shemeji hakutaka kupanda. Dada akamshika mkono. "Twende ukanionyeshe." Tukapanda sote watatu, dada akainamia darubini, akatazama muda mrefu.

"Kaka," akasema bila kuinua kichwa, "kuna unyuzi mwingine. Umebadilika tangu nianze kutazama. Vumbi halibadiliki hivi."

Akashuka mwenyewe, akarudi na kinyozi, wembe bado mkononi, mteja kaachwa na povu kidevuni. Kinyozi alitazama, akainuka macho yamemtoka.

"Hili liko juu yetu kila siku?"

"Kila siku," dada akasema. "Na mimi nililifuta."