Wimbo wa Wanjiku kwa Kasi ya Bucha

Mafuta ya mbuzi yakidondokea makaa hutoa harufu inayowatoa wengi mate. Mimi hunichefua, tangu likizo ile nilipokuwa nikingoja kuingia kidato cha kwanza. Tuliishi Landless, Thika, na binamu yangu Maina alinifundisha kutunga muziki kwenye kompyuta yake kuukuu, ule wa milio mikavu kama ya michezo ya zamani ya video. Kwanza unachagua kasi, yaani mapigo mangapi kwa dakika, kisha unapanga sauti moja moja. Maina alipenda mia na sabini kwenda juu. Mimi nilitunga wimbo wa kubembeleza mtoto, nikatulia kwenye themanini na nne, maana ndivyo Mama alivyombembeleza mdogo wangu Wanjiku, aliyetutoka kwa nimonia mwaka uliotangulia. Kwenye tisini ilikuwa kama mtoto anaharakishwa alale. Kwenye sabini, ni matanga. Mama alipousikia wimbo huo aliketi kitandani, akaomba urudiwe.

Baadaye bucha ya nyama choma ilifunguliwa Kamakis, Maina akapewa kazi ya kupiga muziki, nasi jamaa zake tukaalikwa. Tulikuwa tukila, vidole vimelowa mafuta, wimbo wa Wanjiku ulipotoka kwenye spika. Maina alikuwa ameuchukua bila kuniambia, akaupandisha hadi mia na themanini. Zile sauti nyembamba zililia kama panya walionaswa, na juu yake mtu alikuwa akisifu mbavu na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Watu walicheza na mifupa mikononi, midomo ikimetameta. Nikaenda kutapika nyuma ya choo.

Niliporudi, Mama alikuwa akikatiza katikati ya wachezaji. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wao walidhani anakuja kucheza, wakampisha kwa makofi. Alimwambia Maina aurudishe wimbo ulivyokuwa. Maina, aliyemwita tata kwa kuwa Mama ni dada ya baba yake, alijibu kwa upole.

"Tata, watu hawali nyama na wimbo wa polepole."

"Basi mtoe mtoto wangu kwenye nyama yenu."

Hapo ndipo Maina alipoelewa wimbo ulikuwa wa nani. Aliuzima, akamwomba Mama radhi, akaweka mwingine. Watu wakaendelea kucheza vilevile, na hilo ndilo lililonikirihi kuliko yote: hakuna aliyehisi tofauti.

Sasa naishi Ruiru na hutunga muziki wa michezo ya simu. Mia na arubaini hunifaa kwa mbio, mia kwa safari ya msituni. Mia na themanini siigusi. Lakini nikiachilia wimbo, haupiti muda kabla sijausikia mtandaoni umekimbizwa na mtu nisiyemjua. Nimeona hata rambirambi zilizotumwa kwa ujumbe wa sauti zikisikilizwa kwa kasi maradufu, msikilizaji akitafuna. Mama alikuwa na mtu wa kumwendea, akamtazama usoni, na mtu huyo akaona haya. Mimi sina wa kumwendea.